Mara Hamsini kwa Kilo Moja

Mche wa mpunga wenye siku kumi una majani mawili na urefu wa kidole cha kati. Ukiuchomoa kitaluni unatoka na punje yake, ile mbegu yenyewe, bado imeng'ang'ania chini ya shina. Kuanzia hapo una kama nusu saa. Mzizi ukikauka, umeua. Ukiuchomeka topeni kwa kidole gumba, ncha ya mzizi inapinda ikatazama juu, na mche utakaa siku kadhaa ukihangaika kuirudisha ncha hiyo chini kabla haujaanza kukua. Unatakiwa uutelezeshe kwa ubavu, kina cha sentimita moja au mbili, mzizi ulale, kisha utoe vidole taratibu ili tope lijifunge lenyewe.

Bibi alinionyesha mara tatu bila kusema neno. Mara ya nne akanishika mkono, akauongoza.

"Usiuchomeke, mwanangu. Ulaze. Mtoto mchanga unamtupa kitandani?"

Hiyo ilikuwa katikati ya Machi, Mkindo, wilaya ya Mvomero, chini ya milima ya Nguru. Tope lilinifika nusu ya miundi. Nina miaka 36, nina shahada, nimekaa ofisini miaka kumi na moja, na wali nimeula karibu kila siku ya maisha yangu. Asubuhi ile ndiyo nilijua kwamba sikuwahi hata mara moja kufikiria mikono ya aliyeupanda inafanya nini.

Nilifika huko kwa sababu ya mazungumzo ya chakula cha mchana kazini. Mfanyakazi mwenzangu alikuwa anasimulia kwamba mjomba wake, ambaye ndiye anayemlimia bibi yao, ameumia goti na hataingia shambani msimu mzima. Bibi ana ekari moja na nusu kwenye skimu ya umwagiliaji. Vibarua wapo, lakini wiki ya kupandikiza kila mwenye shamba anawataka siku ileile, na bei inapanda kufuata haraka yako. Nyumbani amebaki na kitukuu mmoja, yuko darasa la tano. Mikono ikikosekana, huyo ndiye atakayetolewa shule. Mimi nilikuwa na likizo ya siku 28 ambayo sikuwa nimeipangia kitu. Nikasema nitakwenda. Mwenzangu alinitazama muda mrefu, akaona sifanyi mzaha, akampigia bibi yake simu palepale.

Mama yangu, nilipomwambia, alinyamaza kwanza. Kisha akasema, "Nilikusomesha ili usilime." Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayekukumbusha mlichokubaliana.

Na kweli tulikubaliana hivyo, wengi wetu, bila kukaa kikao. Mimi nimesoma shule ya msingi ambako jembe lilikuwa ni adhabu. Ukichelewa namba, unapewa eneo ulime. Ukiongea Kiswahili kipindi cha Kiingereza, unang'oa kisiki. Ukifeli jaribio la hesabu, unamwagilia bustani ya mwalimu wakati wenzako wanarudi nyumbani. Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alipoitangaza mwaka 1967, ilitaka shamba la shule liwe sehemu ya kujifunza, mtoto alime huku akijua kwa nini mbolea inawekwa na faida imetoka wapi. Ilipotufikia sisi, kilichobaki ni jembe na kosa. Miaka saba unamwekea mtoto jembe mkononi kila anapokosea, halafu akiwa mkubwa unashangaa kwa nini analitazama kama kifungo. Mwalimu wetu mmoja alikuwa akisimama mbele ya darasa na kusema: msiposoma mtaishia kulima. Nusu ya darasa lile wazazi wao walikuwa wakulima. Walikuwa wanakaa kimya, wanaandika.

Lugha yenyewe tumeipindisha. Mtu asiyejua mambo ni mshamba. Nguo mbaya ni ushamba. Neno limetoka shambani moja kwa moja, mahali panapotoka chakula, na sisi tumelifanya tusi la kila siku. Afisa anayekuja kutoa ushauri ni bwana shamba, na anayelima ni mshamba. Sikiliza pia jinsi tunavyojibu mtu anapoulizwa kazi ya mzazi wake: "Hana kazi, analima tu." Hilo "tu" nimelisema mimi mwenyewe, kwenye fomu, kwenye usaili, kwa watu ambao hawakuniuliza. Nimelisema kuhusu babu yangu wa Kyela, ambaye mpunga wake ndio uliolipa ada ya sekondari ya mama.

Kwa hiyo nilikwenda. Treni ya SGR hadi Morogoro, chini ya saa mbili. Stendi ya Msamvu nikapanda Coaster ya Turiani, tukaiacha barabara ya Dodoma pale Magole, milima ikaanza kusogea upande wa kushoto, bluu kwanza, kisha kijani. Maji yote ya Mkindo yanatoka juu huko, msituni. Yanakingwa kwenye banio mtoni, yanaingia mfereji mkuu, kisha mifereji midogo, kisha jaruba kwa jaruba, vile vipande vya shamba vilivyozungushiwa kingo. Nilimkuta Bibi amekaa uani na beseni la maji, kopo la chumvi na yai la kuku.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba mama. Karibu. Umekula? Shika hili yai."

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Bibi hakuwa na siku mbili za kupoteza.

Yai lilikuwa la kazi. Unakoroga chumvi ndani ya maji, unatumbukiza yai bichi, linazama. Unaongeza chumvi, unakoroga, unalitumbukiza tena. Siku zote nilijua yai huelea kwenye maji ya chumvi, nilifundishwa kidato cha kwanza, nikachora mchoro, nikapata vema. Bibi aliongeza chumvi kwa konzi ndogondogo mpaka yai likapanda, kikaonekana kisehemu cha ganda juu ya maji, ukubwa wa sarafu. Hapo akalitoa, akamwaga mbegu. Punje zilizojaa zikashuka chini. Mapepe na zilizojaa nusu zikaelea, akazikomba kwa kiganja na kuwatupia kuku. Zilizozama akazisuuza mara tatu kuondoa chumvi, akaziloweka usiku na mchana, kisha akazifunga kwenye gunia lenye unyevu. Baada ya siku mbili tulifungua gunia, likatoka joto kama la mwili wa mtu, na kila punje ilikuwa imetoa kincha cheupe.

"Mbegu mbaya inakula maji yaleyale na mbolea ileile kama nzuri," alisema. "Mimi sina cha kulisha wavivu."

Pale ndipo nilipoanza kuona kosa langu. Nilikuwa nimekuja kutoa nguvu. Nilidhani kilichopungua pale ni misuli, na misuli ninayo kiasi. Kumbe nguvu ni sehemu ndogo ya kazi ile. Siku ya kusawazisha jaruba, baada ya pawatila, kile kitrekta cha kusukuma kwa mkono, kuchavanga tope, Bibi alitembea kutoka kingo hadi kingo akikanyaga kwa kisigino, akisimama, akionyesha kwa fimbo: hapa toa, pale ongeza. Mimi nilikuwa naona tope tu, bapa, sawasawa. Tulipofungulia maji kidogo, yakatulia hasa pale alipokuwa amesema pako chini. Tofauti ilikuwa ya vidole viwili. Na vidole hivyo viwili vina maana, kwa sababu mche wa siku kumi ukizamishwa unaoza, na ukiachwa mkavu sana magugu yanautangulia.

Kilimo kile wenyewe wanakiita shadidi. Kilianzia mbali, Madagaska, ambako padri Mfaransa, Henri de Laulanié, aliyeishi na wakulima wa huko miaka mingi, aliona mwaka 1983 kwamba miche iliyopandikizwa ikiwa michanga sana, mmoja mmoja na kwa nafasi, ilichipua kuliko ile mikubwa iliyopandwa kwa mafungu. Leo kinafanyika nchi nyingi. Lakini kilivyofika kwenye jaruba la Bibi ni habari nyingine, na ndiyo ninayoipenda zaidi.

Alikuwa amelima kwa njia ya zamani zaidi ya miaka ishirini: miche ya mwezi mmoja, mirefu, mitatu hadi mitano kwa shimo, bila mstari, maji yamejaa muda wote. Wataalamu walipokuja kufundisha, hakukubali na hakukataa. Alichukua jaruba moja, akaligawa katikati kwa tuta dogo. Upande mmoja akapanda kama siku zote. Upande wa pili akapanda mche mmojammoja kwa kamba. Mbegu ileile, siku ileile, maji ya mfereji uleule. Wiki mbili za kwanza upande wa shadidi ulikuwa unatia aibu, tope tupu na vinyweleo vya kijani huku na huku. Majirani walimwambia amepanda nywele. Shemeji yake alikuja usiku kumshauri apandikize upya kabla maji hayajakwisha. Bibi alingoja. Wiki ya sita, anasema, hukuweza tena kuona tope, kila mche mmoja umekuwa kichaka. Alipovuna, alipima kila upande kwa debe lake, debe kwa debe, mbele ya shemeji.

Mimi nimefanya utafiti chuoni. Niliandika kurasa tisini na nikasifiwa. Sikuweka hatarini chakula cha mwaka cha familia yangu ili kupata jibu. Yeye aliweka nusu jaruba, kiasi alichopiga hesabu kwamba akikipoteza watoto hawatalala njaa. Hakuna aliyemfundisha kwamba hilo linaitwa jaribio. Alihitaji kujua, akatafuta njia ya kujua.

Kupandikiza ekari moja na nusu kulituchukua siku tano, tukiwa watu sita: Bibi, mimi, vibarua wawili na majirani wawili ambao sisi nasi tulikwenda kwao baadaye, kwa ujima. Kamba ya Bibi ina mafundo kila sentimita 25, na kutoka mstari hadi mstari ni sentimita 25. Jioni ya siku ya kwanza, mgongo ukiwa umekakamaa kiasi kwamba nilikula nikiwa nimelala ubavu, nilipiga hesabu kwenye simu. Mita moja ya mraba ina mashina 16. Ekari moja ni mita za mraba 4,047. Hayo ni mashina 64,000 na zaidi, na kila moja linawekwa kwa vidole vya mtu aliyeinama. Nilimsomea Bibi. Hakushangaa.

"Hujahesabu palizi," alisema.

Palizi ni baada ya siku kumi, kwa kijimashine chenye meno kinachosukumwa katikati ya mistari, mara ya kwanza hivi, mara ya pili vile. Ni kazi nzuri, nitasema ukweli niliipenda, kwa sababu magugu yanazama topeni na wakati huohuo mizizi inapata hewa, na siku mbili baadaye unaona rangi ya shamba imebadilika. Kilichonishinda ni maji. Kwenye shadidi hujazi shamba daima. Unaingiza, unaacha yakauke mpaka tope lianze kupasuka nyufa nyembamba, unaingiza tena. Kwa hiyo zamu yako ya maji ina uzito, na zamu ya Bibi wiki ile iliangukia saa nane usiku. Tulikwenda na tochi. Kuna mtu alikuwa amefungua mlango wa juu, maji yalikuwa yanaishia kwake. Bibi hakupiga kelele. Aliziba, akakaa juu ya kingo, akafunga khanga kichwani, akasema tutakaa hapa mpaka jaruba la mwisho lipate. Tulikaa hadi alfajiri. Vyura walikuwa wengi hadi ulilazimika kuinua sauti ili usikike.

Nilirudi Dar es Salaam mwanzoni mwa Aprili, kucha zikiwa na rangi ambayo sabuni haikuitoa. Nilipima kichocho, kwa sababu maji ya majaruba yana konokono na kila mtu Mkindo anamjua aliyekojoa damu. Mimi sikuwa nacho. Kijana aliyepanda mstari wa pembeni yangu alishawahi kupata mara mbili. Bei ya mchele unayoiona kwenye kibao sokoni haina sehemu iliyoandikwa kichocho.

Katikati ya Julai niliomba ruhusa tena, kwa sababu mpunga ulikuwa umeanza kukomaa na kwelea walikuwa wamefika.

Kama hujawahi kuamia ndege, sikiliza. Kwelea mmoja ni mdogo kuliko ngumi ya mtoto. Anakula kama gramu 10 za nafaka kwa siku. Shina moja la mpunga la Bibi lina gramu 30 hivi, kwa hiyo ndege mmoja anamaliza shina kwa siku tatu. Lakini hawaji mmoja. Wanakuja kundi, na kundi la milioni moja ni tani 10 kwa siku. Serikali huleta eropleni kunyunyizia sumu kwenye mazalia yao, lakini wakishafika shambani kwako, dawa ni mtu. Mtu anapanda dunguni kabla jua halijachomoza na anashuka giza likishaingia. Kila siku, kuanzia punje zikiwa na maziwa mpaka siku ya kuvuna. Wiki tatu, nne.

Dungu la Bibi ni miti minne, sakafu ya fito na paa la nyasi. Kutoka hapo kamba zinakwenda pande zote za shamba, zimefungwa makopo na vipande vya bati, na utepe mweusi wa kaseti za zamani umetandazwa juu ya mpunga, upepo ukivuma unalia. Unavuta kamba. Unapiga kelele. Una kombeo la katani na rundo la madonge ya udongo uliyokausha jana. Siku ya kwanza nilivuta kamba muda wote, mchana nikawa sina sauti, na ndege wakazoea makopo. Bibi alipanda akakaa nami saa moja. Alinionyesha niangalie miti ya upande wa mto, nisiangalie shamba. Kundi linatua pale kwanza. Linatulia. Kuna kimya kifupi kabla halijainuka, kama watu waliokubaliana jambo. Hapo ndipo urushe, kabla hawajainuka, si wakiwa juu ya mpunga wako. Wakishaonja, hawaondoki kwa kelele.

Siku ya tatu nilikijua kile kimya. Siwezi kueleza furaha yake. Nilirusha donge, likapasuka mtini, wingu lote likageuka kulia na kupita juu ya mto, na kwa dakika ishirini shamba likawa la Bibi peke yake.

Kwenye madungu mengine, ilipofika saa mbili asubuhi siku za shule, niliona watoto. Wengine wadogo kuliko kitukuu wa Bibi. Walikuwa hodari kuliko mimi, walikuwa wananifundisha kwa kupaza sauti kutoka mbali: dada, nyuma yako! Sikuwalaumu wazazi wao, maana nilishajua hesabu ya vibarua. Lakini jioni, kitukuu yule aliporudi na daftari lake, akakaa chini ya dungu akasoma kwa sauti somo la mfumo wa chakula mwilini, nilijua kwa mara ya kwanza nilichokuja kufanya pale. Sikuwa nimeokoa mpunga, mpunga Bibi angeuokoa hata bila mimi. Kitukuu alikuwa darasani kwa sababu dunguni kulikuwa na mtu mwingine.

Tulivuna mwishoni mwa Julai. Mundu, mafungu, turubai, kupiga, kupepeta. Ekari ya mpunga wa Saro ilitoa magunia ishirini ya kilo mia hivi, na nusu ekari ya mpunga wa Supa, ambao Bibi huupanda kwa njia yake kwa ajili ya harufu, ilitoa saba. Majirani walikuja kuona, na wengine walikuja kuhesabu.

Mnunuzi alikuja na pikipiki na magunia yake. Magunia ya mnunuzi ni marefu. Unajaza mpaka mdomoni, kisha anashindilia, kisha anashonea kilemba cha neti juu na kujaza tena. Hiyo ndiyo lumbesa. Sheria ya vipimo inaikataza, na mizani ya chama cha wakulima wa skimu ilikuwepo umbali wa kutembea. Alisema akipelekwa kwenye mizani bei inashuka. Aliisema bei yenyewe baada ya kupiga simu, akiwa ametugeuzia mgongo. Mtu aliyehesabu sentimita 25 mara maelfu, aliyepima chumvi kwa ganda la yai, mwisho wa kazi anapangiwa kipimo na mtu mwingine. Azimio la Arusha lilionya mwaka 1967 kwamba sisi wa mijini tusipoangalia tutakuwa ndio wanyonyaji wa mkulima, kwa kuwa mikopo inajenga mjini na jasho la kulipa linatoka shambani. Nilikuwa nimelisoma hilo kwa ajili ya mtihani. Pale uani nilikuwa nimesimama mbele yake, na nilijua kwamba mchele ule ukifika kwetu Tabata, Dar es Salaam, mimi ndiye nitakayesema ni ghali na kuomba nipunguziwe.

Bibi alimuuzia magunia manne tu, ya kulipa vibarua na deni la mbolea. Mengine yakaingia ndani. "Desemba atapiga simu kwangu," alisema, akafunga mlango.

Usiku nikarudia hesabu, sasa nikiwa na mavuno. Ekari moja, kilo 2,000, mashina 64,000 na zaidi. Kila shina gramu 30 na kitu za mpunga. Ukikoboa, pumba ikitoka, zinabaki gramu 20 za mchele. Kilo moja ya mchele ni mashina hamsini. Mtu ameinama mara hamsini kupanda, mara hamsini tena kuvuna, na katikati amepita na palizi mara mbili, na usiku amekaa kwenye kingo, na wiki tatu amesimama dunguni. Kwa kilo moja. Tangu siku ile sijaweza kupunguziwa bei ya mchele. Naifungua pochi na midomo inagoma.

Bibi alinipa kilo kumi za Supa. Nilikataa, akaniambia mgeni anayekataa mchele anamwambia mwenyeji kwamba ni maskini. Nilimpelekea mama.

Mama aliufungua mfuko jikoni, akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akanusa. Akamwaga kidogo kwenye ungo. Alianza kuchambua, na vidole vyake vilikuwa vinakwenda kwa mwendo niliouona kwa Bibi, sikuwahi kuutambua kwa miaka yote niliyokaa jikoni naye. Akaniuliza walipanda kwa kamba au kwa kumwaga. Nikamweleza mafundo, mche mmoja, mzizi uliolala. Alisikiliza kama fundi anavyomsikiliza fundi wa mji mwingine. Kwao, alisema, ilikuwa kumwaga kwa mkono nyuma ya ng'ombe wa kulima, na yeye ndiye aliyekuwa anamwaga, kwa sababu baba yake alisema mkono wake unatupa sawasawa. Alikuwa na miaka kumi na miwili.

"Hukuwahi kuniambia."

"Uliuliza lini?" Akaendelea kuchambua. Baadaye akasema, "Ulikuwepo ulipochanua?"

Nikasema hapana, nilikuwa kazini.

"Basi bado. Unachanua asubuhi, saa nne hivi, jua likishakausha umande. Unafunguka kama saa moja hivi, unafunga. Mpunga wa harufu ukichanua, unausikia kabla hujafika. Wanafunzi tulikuwa tunapita njia ndefu kwa ajili hiyo."

Nimemfahamu mama yangu miaka 36. Alikuwa amebeba saa nne ile ya Kyela muda wote huo, na hakukuwa na mtu wa kumwambia, kwa sababu mimi alikuwa amenisomesha ili nisilime.

Juzi Bibi amepiga simu. Msimu wa pili unaanza, maji ya kiangazi ni machache na chama kimepanga zamu upya, yeye amepata. Goti la mjomba bado. Yai limeelea, mbegu ziko kwenye gunia, kesho anazimwaga kitaluni. Miche itatimiza siku kumi Jumamosi ya wiki ijayo. Nimeomba siku tano. Mama anataka kujua kama treni ya asubuhi ina nafasi, na ameshatoa kabatini khanga mbili ambazo, anasema, hazina shida zikiingia tope.